Maringo ya Baba

Tudor, ghorofa ya pili, chumba kisicho dirisha.
Nyevu, bibi wa mtambo, aniambia: weka kidevu hapa,
usipepese.
Mwanga ukaja, ukapiga, ukaondoka,
nikabaki na doa la zambarau likielea ukutani
juu ya kalenda ya duka la mabati.

Picha mbili zikapangwa kwenye kioo.
Ya kwanza ya ndugu yangu Famau:
uwanja wa rangi ya chungwa, na katikati
kiini cha yai, kizima, cha manjano,
kana kwamba mtu amelikaanga akasahau kuligeuza.
Mama akashika mdomo.
Innalillahi. Mwanangu wa kiume kaisha.

Ya pili yangu.
Pametulia. Kijivu kidogo hapo kati,
kama sakafu iliyomwagikiwa uji ikapigwa deki.
Mama akashusha pumzi:
Wewe afadhali.

Afadhali!
Famau alisoma herufi zote hadi mstari wa chini, ule wa sisimizi,
akasoma na jina la kiwanda pembeni mwa ubao
ambalo hakuulizwa.
Mimi nikaiona ile kubwa ya juu,
nayo kwa kuiibia.

Daktari Saroso hakuwa na haraka.
Yai la Famau, alisema, bado halijapasuka,
na chembe zinazopokea nuru zimelilalia kama kuku,
zingali hai.
Langu lilipasuka zamani,
labda mwaka ule nilioanza kuilaumu taa,
kuulaumu uzi, kuwalaumu wauza sindano wa Mtaa wa Biashara,
nikarudishiwa kofia mbili kwa mpigo
kwa vitundu vilivyopishana kama meno ya mtoto.
Lilichuruzika, likanyauka.
Na nyumba iliyohamwa, mwanangu, nayo huwa imetulia.

Kisha mtambo wa pili. Kitufe kiganjani:
kinukta kikiwaka, bonyeza.
Nikangoja. Nikabonyeza. Nikangoja sana.
Kumbe vilikuwa vikiwaka nami nimenyamaza
kama mtoto anayejitia hasikii akitumwa dukani.
Nyevu akavilaza vinukta vyangu juu ya picha yangu,
vya kijani nilivyoviona, vyeusi vilivyonipita.
Vyeusi havikuufuata mpaka wa kijivu.
Vilimwagika nje, upande wa puani,
mahali ambapo picha inasema hapana neno;
na viwili vya kijani vimebaki katikati ya magofu,
vimeng'ang'ania.
Hivi, nikauliza, kwa nini?
Saroso akavitazama muda mrefu.
Sijui, akasema. Nikampenda kwa hilo.

Na hapa, akagusa kioo juu ya lile baka,
hapa ndipo jicho lako lilipohamia. Halikukuaga.
Ukitaka kuuona uso wa mtu sasa
huna budi kutazama juu ya kichwa chake.

Chumba kikawa kimya, feni tu.

Baba alikuwa karani wa mizigo Kilindini.
Kibokoni nzima ilijua maringo yake:
hamtazami mtu usoni,
hukutazama juu ya kofia yako
kana kwamba ukutani nyuma yako pana maandishi ya maana zaidi.
Muuza nyama alimnyima salamu miaka kumi na mmoja.
Mazikoni mtu alisema, si kwa sauti ya chini,
leo walau atatazama chini.

Mama alikuwa akiifunga na kuifungua mikanda ya mkoba.
Siku ya kunifunua ukaya, akasema,
alitazama taji la kitanda.
Nikajua sikumpendeza.
Miaka thelathini na minne nimekaa na hilo.
Akamgeukia daktari:
Kwani alikuwa akiniona?

Famau akainama juu ya yai lake.
Mimi nikayainua macho polepole
juu ya mtandio wa mama, juu kidogo tena,
mpaka akanijia mzima:
ametoka nyumbani kwa haraka,
amejipaka wanja jicho moja.